Kufura

Uvimbe na kufura si kitu kimoja. Anayesema "nina uvimbe kooni" huenda akadhaniwa ana jipu au tezi, jambo la kungoja foleni. "Ulimi umefura" ni habari ya sasa hivi; hata mwenye hasira husemwa amefura. Dawa za presha kama enalaprili, kwa nadra, hufurisha midomo, ulimi na koo bila mwasho, hata baada ya miaka ya kuzimeza salama, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwetu Waafrika. Pumzi huweza kuzibika. Mdomo ukifura, usimeze kidonge kingine cha dawa hiyo: kimbilia hospitali iliyo karibu, iwe Voi, Wesu au Taveta, na ubebe pakiti ya dawa.