Uzi Uliopata Nguvu kwa Kuvutwa

Kabla hatujaanza, kila mmoja akate utepe mwembamba wa pakiti tupu ya maziwa, auvute polepole. Mmeona? Unarefuka, na ukiuachia haurudi ulivyokuwa. Habari yake ni hii.

Molekuli ni chembe ndogo mno, isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1920 Mjerumani Hermann Staudinger alisema kwamba mpira na vitu vya namna hiyo vina molekuli ndefu sana, mfano wa minyororo. Wataalamu wenzake walimbishia miaka mingi.

Huko Marekani, katika mji wa Wilmington, Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont akaamua kuiunga minyororo hiyo yeye mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa mifupi, haikufaa kwa uzi. Mwaka 1930 msaidizi wake, Julian Hill, akapata njia ya kuirefusha. Akachovya kijiti cha kioo katika rojo la moto, akakiinua, uzi ukafuata. Ajabu ilikuja uzi ulipopoa. Akauvuta tena, nao ukarefuka mara kadhaa, ukang'aa, ukawa na nguvu kuliko mwanzo!

Kwa nini? Fikirini katani. Nyuzi zilizovurugika hazifai kitu. Zikichanwa zikalala upande mmoja, ndipo kamba hupatikana. Ndani ya uzi wa Hill, minyororo mahali pengine ilikuwa imepangika vizuri, na sehemu hizo huitwa fuwele. Mahali pengine ilikuwa imevurugika. Uzi ulipovutwa fuwele zilivunjika, minyororo ikateleza, ikalala sambamba. Lakini mnyororo mfupi haufiki kutoka fuwele moja hadi ya pili. Hakuna kinachozishika, basi uzi hukatika.

Uzi ule haukufaa kwa nguo, maana uliyeyuka kwa joto dogo. Mwaka 1935 wakapata nailoni, nayo ikavutwa vivyo hivyo. Soksi zake zilianza kuuzwa Marekani nzima Mei 1940. Carothers, maskini, hakuziona. Alikufa mwaka 1937.

Mwaka 1957 Andrew Keller, huko Bristol, Uingereza, alionyesha kwamba katika fuwele za polithini minyororo hujikunja, ikienda na kurudi. Pakiti yenu ni polithini. Tazameni pale utepe ulipokuwa mwembamba: mikunjo mingi imekwisha kunyooshwa. Vuteni tena pale pale, mwone ulivyokuwa mgumu.