Wewe Umesikia Nini?

Nilipoacha chuo nilirudi Miritini nikiwa na udi wa kuazima. Kila Jumamosi nilikuwa nampigia mzee mmoja wa mtaani kipande nilichojifunza wiki hiyo. Nikimaliza namtazama usoni: "Vipi, mwalimu?"

Naye: "Wewe umesikia nini?"

Iliniudhi. Chuoni nilizoea kusubiri maksi. Bila maksi sikujua kama nimeelewa. Huyu sasa ananirudishia swali!

Baadaye nikaanza kusoma historia ya taarab. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu mjini, na shule hakwenda. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Kabla ya santuri, mwimbaji wa pwani alijijua kupitia watu: akitunzwa, kajua amegusa, watu wakianza kupiga soga, kajua amewapoteza. Hata Bombay, sauti ilichorwa kwenye nta, na kuicheza nta ile ni kuiharibu. Basi ilibidi kusubiri santuri zije na meli. Zilipofika, mwimbaji aliweza kukaa upande wa wasikilizaji, akajisikiliza mwenyewe.

Bi Kidude, aliyefariki 2013, alisimulia kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Hakuwa na daftari wala mtihani. Alisikia, akajaribu, akajipima. Na hakugeuka nakala ya Siti. Ile sauti yake nzito, yenye mikwaruzo, huwezi kuifananisha na ya mtu mwingine.

Mimi santuri yangu ni simu. Siku moja nikajirekodi, nikasikiliza ndani ya matatu nikitoka mjini. Aibu! Kila nikifika pagumu naongeza kasi, kama mtu anayepita makaburini usiku. Jumamosi nikamwambia mzee kabla hajaniuliza. Akacheka. "Haya, sasa utapatengeneza vipi?" Hakunionyesha. Nilichukua mapigo manne tu ya pale pagumu, nikayapiga polepole wiki nzima, kila usiku narekodi, nalinganisha na jana.

Siku hizi masikio ya mzee yamechoka. Hata honi ya treni ya SGR haimshtui tena. Jumamosi bado naenda. Nikimaliza kupiga, sasa yeye ndiye anayenitazama usoni.

"Vipi?"

Na inabidi nimwambie ukweli.