Utishaji, si Kugaidisha

Rasimu ya istilahi za sheria inayozunguka mikononi mwa wafasiri hivi sasa ina kitenzi ambacho sikubali kipigwe chapa bila kupingwa. Kitenzi chenyewe ni kugaidisha, na mfano uliowekwa chini yake unasema: "Washtakiwa walikula njama ya kuwagaidisha wananchi." Waandaaji walitaka kusema kwamba washtakiwa walipanga kuwatia wananchi hofu. Walichosema ni kwamba washtakiwa walipanga kuwageuza wananchi wawe magaidi.

Kutajirisha ni kumfanya mtu awe tajiri. Kufukarisha ni kumfanya awe fukara. Kuimarisha, kusahihisha, kufupisha, vyote vinafuata njia hiyo hiyo: jina au sifa ikivishwa -isha, anayetendwa hugeuka kuwa kile kinachotajwa na shina. Kanuni hii ilikuwepo kabla ya kamati yoyote, wala haitenguliwi kwa wajumbe kunyoosha mikono.

Kosa lina chanzo, nacho ni neno ugaidi lenyewe. Gaidi wa wazee wetu alikuwa mnyang'anyi mwenye silaha, mwenzake jambazi na haramia. Alivizia watu, akachukua mali, akatokomea. Neno lilikuwa jina la mtu kwanza. Ugaidi ukaja baadaye kwa kupachikwa u-, kama ujambazi ulivyotoka kwa jambazi. Nyuma yake hakuna kitenzi. Ndiyo maana ukiuliza ugaidi ni nini, jibu la haraka huwa ni matendo ya magaidi. Na ukiuliza magaidi ni nani, unaambiwa ni wale waliokwisha kutajwa kuwa magaidi.

Lugha tulizokopa dhana hii kwazo hazikuanzia kwa mtu. Kilatini kina terrere, kutia hofu. Wafaransa wakapata terreur, na baada ya kiongozi wao Robespierre kuanguka Julai 1794 wakaunda terrorisme ili kuutaja ule mfumo wa 1793 na 1794 uliowakata vichwa maelfu ya raia. Kamusi ya Akademia yao ikaliingiza neno hilo mwaka 1798 kwa maana hiyo: utawala unaoendeshwa kwa hofu. Mtendaji wa kwanza kubeba jina hilo, basi, alikuwa serikali. Kiarabu nacho husema irhabu, kutoka mzizi wa kuogopa, mzizi ule ule uliotupa rahibu, mcha Mungu aliyejitenga na dunia. Irhabu kwa umbo lake ni kutendesha: kumfanya mwingine aogope. Wafaransa na Waarabu wameanzia kwenye hofu na tendo la kuitia. Sisi tumeanzia kwa mnyang'anyi wa njiani.

Tofauti hii ina uzito. Mnyang'anyi anataka mfuko wako, na hofu yako ni njia tu ya kuupata. Anayetega bomu anaitaka hofu yenyewe, tena mara nyingi hofu ya mtu asiyekuwepo pale. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, na Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12. Wengi waliobaki walikuwa Wakenya: wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi wa uhazili katika jengo la jirani lililoporomoka, wapita njia. Dar es Salaam lori la maji lililokuwa langoni lililizuia gari la bomu lisipenye ndani. Watu 11 wakafa. Waliouawa walikuwa barabarani kwetu, na waliokusudiwa kutishwa walikuwa Washington. Istilahi isiyoweza kuwatenganisha watu hao wawili, aliyeuawa na aliyetishwa, haijaifikia dhana.

Neno ninalolipendekeza, na ambalo nimelipendekeza kwa maandishi zaidi ya mara moja, ni utishaji. Linatoka kwenye kutisha, kitenzi ambacho kila msemaji anacho. Ukitaja utishaji huna budi kueleza nani ametisha, ametisha nani, kwa kitendo gani, ili apate nini. Mtishaji anaweza kuwa kijana mwenye bomu, kikundi cha msituni, au jeshi lenye sare na mishahara. Aliyetishwa naye anapata nafasi yake katika sentensi, nafasi ambayo ugaidi haukumpa kamwe.

Pendekezo langu lilisomwa mwishoni mwa kikao cha kamati ya rasimu, wajumbe wakiwa wameshafunga mikoba, na jibu likawa sentensi moja: neno halina uzito, linafanana na kumtisha mtoto. Waliosema hivyo wanaijua vema mahakama. Wanajua kwamba kutishia kuua ni shtaka linalosomwa kwa Kiswahili na kumpeleka mtu gerezani. Wanajua kwamba serikali zote za ukanda huu hutaja vitisho na matishio katika kila taarifa ya usalama. Shina hili limebeba uzito wa dola miaka yote, na linaitwa jepesi siku linapotoka kwa mtu asiye mjumbe.

Mwingine, ambaye huwa hakosi pendekezo la dakika ya mwisho, aliona utishiaji ungefaa zaidi. Anayetishia anaahidi ubaya, anayetisha ameshautenda. Nashangaa kwamba tofauti hii ilihitaji kuelezwa mbele ya watu wenye shahada za isimu.

Sasa narudi kwenye kugaidisha, kwa sababu kitenzi hicho kina kazi yake halali, na kazi hiyo ni kubwa kuliko ile waliyokipa. Kumgaidisha mtu ni kumfanya gaidi kwa tamko. Siasa ya karne iliyopita imejaa tendo hilo na hatukuwa na jina lake.

Afrika Kusini ilitunga Sheria ya Ugaidi mwaka 1967. Miongoni mwa matokeo yaliyotosha kulifanya tendo liwe ugaidi ni kuikwaza serikali katika kuendesha shughuli zake, na kuchochea uhasama kati ya weupe na wakazi wengine. Tendo likiwa na uwezekano wa kuleta matokeo hayo, nia ilidhaniwa, na mshtakiwa ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hakuwa nayo. Sheria ilirudishwa nyuma hadi Juni 1962, na ikatumika pia Namibia, ambako Andimba Toivo ya Toivo na wenzake walikamatwa, wakashtakiwa Pretoria. Toivo alipewa miaka 20. Kifungu cha 6 kiliruhusu kumzuia mtu bila kikomo. Ndicho alichozuiliwa nacho mwanaharakati Steve Biko alipofia mikononi mwa polisi mwaka 1977. Mpigania uhuru Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Aprili 1979, alikuwa na mashtaka ya sheria hiyo hiyo. Kule Mazimbu, Morogoro, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, shule ya wakimbizi ikapewa jina lake. Pretoria alikuwa gaidi, Morogoro shule.

Nelson Mandela alipata Nobeli mwaka 1993, akawa rais mwaka 1994, na Marekani ikalifuta jina lake katika orodha yake ya ugaidi Julai 2008, mwezi aliotimiza miaka 90. Kenya nako amri ya kikoloni ya kuwapiga marufuku Mau Mau, iliyotolewa mwaka 1950, iliachwa hai hadi 2003, miaka 40 baada ya uhuru walioupigania. Tanzania mwaka 2021 Freeman Mbowe, kiongozi wa chama kikuu cha upinzani, alifunguliwa mashtaka ya ugaidi. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi.

Tamko linatosha kwa sababu mataifa hayajakubaliana juu ya maana ya neno ugaidi tangu mkataba wa Geneva wa 1937, ambao India peke yake iliuridhia, na ambao ulitaja matendo yaliyoelekezwa dhidi ya dola, hivyo dola yenyewe ikawa nje ya shtaka. Mwaka 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 1373, liliziagiza nchi zote ziuadhibu ugaidi, na halikusema ugaidi ni nini. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokutana Algiers mwaka 1999 angalau uliandika kwamba vita vya ukombozi dhidi ya ukoloni na uvamizi havihesabiwi kuwa ugaidi.

Kwa matumizi: utishaji, mtishaji, kutishwa, utishaji wa dola; ugaidi ubaki pale sheria zilizopo zinaponukuliwa.

Rasimu bado haijafungwa. Ninachoomba katika herufi G ni mstari mmoja, na maana yake nimeshaiandika na kuituma: gaidisha, kitenzi elekezi, kumtangaza mtu au kundi kuwa gaidi ili kumwondolea haki zake. Mfano wa matumizi: "Serikali ya Pretoria iliwagaidisha wapigania uhuru."