Kijaluba cha babu na intavyu ya Homa Bay

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, na leo tutaligusa, ila tutaingilia mlango wa nyuma. Juzi nilikwenda Homa Bay kwenye intavyu ya kazi ya kuandika programu, na tangu nitoke chumba kile nimekuwa nikijiuliza swali moja: je, nilifanya vizuri?

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mmoja aliitikia kwa kichwa kila niliposema neno. Wa pili hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Wa tatu aliniuliza ninatoka wapi, nikamjibu Migori, akauliza tena, "Hapana, kwenu hasa ni wapi?" Programu nilizowahi kuandika hawakuuliza hata moja. Basi ndani ya matatu, tukipita Rongo na Awendo, nikawa napiga hesabu ya zile sura: aliyeitikia, pointi moja, wa simu, toa nusu. Nilipofika nyumbani mama akauliza, "Ilikuwaje, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Aliyenijibu ni babu, tena bila kukusudia. Alitoa chini ya kitanda kijaluba cha bati kilichoshika kutu. Kilikuwa cha baba yake, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho miaka ya 1930. "Mzee huyu hakuulizwa swali lolote," akasema. "Walisoma hiki tu."

Kilikuwa kijaluba cha kipande, wasomaji. Leo sisi Wakenya tukisema kipande tunamaanisha kitambulisho, lakini neno hilo lina historia chungu. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, kazi alizofanya, na sahihi ya mwajiri. Karatasi ilikaa ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Tukitazama kwa macho ya mwandishi wa programu, hiyo ni hifadhidata kamili. Alama za vidole ndizo ufunguo wa kumtambua mtu, na kila kazi ni mstari mmoja. Shida iko kwenye ruhusa. Mwenye data aliibeba shingoni, lakini hakuwa na ruhusa ya kuandika humo hata herufi moja. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia mfanyakazi, mfanyakazi huyo hakuweza kuajiriwa kwingine kihalali, na akiondoka alitafutwa kama mtoro.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku, aliyekuwa mwendesha simu wa Hazina ya serikali Nairobi (mtu wa teknolojia, kama sisi!), aliongoza malalamiko dhidi ya kipande, kodi na mishahara duni. Alikamatwa Machi 1922, na polisi wakawapiga risasi waliokusanyika kudai aachiliwe. Huku Nyanza, mkutano mkubwa wa Lundha, Desemba 1921, ulizaa vuguvugu lililoitwa Piny Owacho, nalo likakitaja kipande miongoni mwa manung'uniko yake. Migori na Homa Bay za leo wakati huo zilikuwa ndani ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka Kisii. Sheria mpya ya mwaka 1947 ndiyo iliyoleta uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Karatasi ikabadilika, macho je? Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, hapo Homa Bay, alianza kazi ya ukaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi mwaka 1951. Katika kitabu chake cha 1963, *Freedom and After*, anasimulia jinsi mama mmoja wa Kizungu alivyoingia ofisini na sampuli ya maziwa, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Akamuuliza huyo mama kama macho yake yana kasoro. Mkaguzi mwenye cheti alikuwa pale, ila mama alikuwa amekuja akitarajia kuona sura nyingine.

Ruka sasa hadi 2011, Nairobi. Kwa mara ya kwanza waliowania kazi ya Jaji Mkuu walihojiwa hadharani, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Dakta Willy Mutunga aliulizwa juu ya kipuli cha sikioni mwake. Alisema hatakivua, hata kama ataikosa kazi. Mwezi Juni mwaka huohuo akaapishwa. Swali lilikuwa la sura, lakini majibu yake ya sheria nayo tuliyasikia, kwa hiyo kila mwananchi aliweza kupima mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoacha kuhesabu vichwa vilivyoitikia. Sura za jopo ni data mbovu, tena hata kwao wenyewe. Watafiti Schmidt na Hunter, waliojumlisha tafiti za miaka 85 mwaka 1998, walionyesha kwamba mahojiano yenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji hutabiri utendaji kazi kuliko mazungumzo ya kienyeji, na kumpa mtu sampuli ya kazi yenyewe ni miongoni mwa vipimo bora zaidi.

Babu wa babu zangu walibeba rekodi iliyoandikwa na wengine. Mimi niliingia chumba kile nikiwa na ruhusa ya kuandika, nami sikuitumia. Nilingoja waulize kuhusu kazi zangu, hawakuuliza, nikaaga. Hilo ndilo kosa langu, na halihusiani na yule wa simu.

Kwa hiyo usiku uleule niliandika mambo matatu: kazi gani yangu niliitaja ambayo wanaweza kuikagua wenyewe, swali gani nilijibu vibaya na jibu lake sahihi ni lipi, na mimi niliwauliza nini. Ukitoka kwenye intavyu, ndugu msomaji, andika hayo kabla hujalala. La kwanza lilikuwa tupu kwangu. Asubuhi niliwatumia barua pepe fupi ya shukrani, pamoja na programu moja niliyoiandikia duka la dawa hapa Migori.

Hawajajibu bado. Lakini mama akiniuliza tena ilikuwaje, sasa nina la kumwambia. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, nami nimeahidi!