Mgeni Aketi Wapi? Safari ya Majukwaa ya Johannesburg

Siku ya pambano la Kaizer Chiefs na Orlando Pirates, barabara zote zinazoelekea Nasrec, kusini-magharibi mwa Johannesburg, hujaa rangi za timu mbili. Hapa dhahabu na nyeusi za Chiefs, pale nyeusi na nyeupe za Pirates zenye fuvu na mifupa miwili. Si ajabu kuona watu wa nyumba moja wakishuka kwenye gari moja, baba kavaa fuvu, binti kavaa dhahabu. Wanapita geti moja, wanaketi safu moja, na kwa dakika 90 kila mmoja anaimba wimbo wake. Katika uwanja wa FNB, unaochukua karibu watu 95,000, hakuna uzio unaotenga upande wa Chiefs na upande wa Pirates. Upande wa wageni haupo kabisa.

Kwa shabiki aliyezoea Dar es Salaam, hilo si jambo la kawaida. Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, majukwaa hugawanyika kama embe lililopasuliwa, na aliyepotea njia akaibukia upande usio wake hujua mara moja kwamba amepotea. Ulaya nako, kanuni za mashindano ya UEFA humtaka mwenyeji atenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa mashabiki wa timu ngeni, tena katika eneo lao lenye mipaka. Johannesburg imefika ilipo kwa njia yake yenyewe. Ni njia iliyogharimu roho za watu 85 katika mechi mbili tu.

Sehemu ya maelezo imo katika asili ya timu zenyewe. Pirates ilianzishwa Orlando mwaka 1937. Chiefs ilizaliwa mwaka 1970, mwanzilishi wake akiwa Kaizer Motaung, aliyewahi kuichezea Pirates hiyohiyo kabla ya kwenda kusakata kandanda Atlanta, Marekani. Timu zote mbili ni za Soweto. Ukoo mmoja una watu wa huku na wa kule, na zinapokutana hakuna anayeweza kusema kwamba mwenzake ametoka mbali.

Lakini Johannesburg iliwahi kuwa na majukwaa yaliyotengwa, na kilichoyatenga ni rangi ya ngozi. Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950 na ile ya Huduma Tofauti ya mwaka 1953 ziliweka ukuta kila mahali, viwanjani pia. Mtu mweusi aliyekwenda kutazama raga Ellis Park, katikati ya jiji lake mwenyewe, alielekezwa kwenye kona ya Waafrika. Huko konani wengi waliwashangilia wageni. Iwe ni New Zealand au Waingereza, aliyekuja kuwafunga Springboks, timu ya taifa ya raga, alipata mashabiki asiowasafirisha. Mwenyeji alifanywa mgeni katika mji aliozaliwa, naye akachagua kuwa shabiki wa mgeni. Ndiyo maana tarehe 24 Juni 1995, Nelson Mandela alipoingia Ellis Park kwenye fainali ya Kombe la Dunia la raga akiwa amevaa jezi ya Springboks yenye namba 6, watu walielewa uzito wa kitambaa kile.

Kandanda la Waafrika lilikuwa na nyumba yake. Uwanja wa Orlando ulifunguliwa mwaka 1959 ukiwa na nafasi za watu 24,000 hivi, na miaka 17 baadaye ndiko walikokuwa wakielekea wanafunzi wa Soweto asubuhi ya tarehe 16 Juni 1976, kabla risasi za polisi hazijawakatiza njiani. Siku za mechi, watu walijaa kuliko viti. Walisimama, wakacheza. Chupa zilirushwa kutoka juu. Mwaka 1979 Alfred Baloyi, mfanyakazi wa manispaa na shabiki wa Chiefs, aliona mwenzake akipigwa chupa kichwani jukwaani. Alichukua kofia ngumu ya wafanyakazi, akaanza kuivaa mpirani, kisha akaikata na kuipaka rangi za timu yake. Hiyo ndiyo makarapa, kofia ambayo mwaka 2010 watalii waliinunua kama pambo la Kombe la Dunia. Ilianza kama kinga ya kichwa, kwa sababu jukwaa halikuwa mahali salama.

Jumapili ya tarehe 13 Januari 1991, Chiefs na Pirates zilikwenda kucheza mechi ya kirafiki Orkney, mji wa migodi ya dhahabu kusini-magharibi mwa Johannesburg. Uwanja wa Oppenheimer ulikuwa mdogo kwa pambano kubwa kama hilo. Ulijengwa kwa watu wapatao 23,000, wakaingia wapatao 30,000, mashabiki wa timu zote wakiwa wamechanganyika bila mpangilio. Chiefs wakapata bao, Pirates wakalipinga, mwamuzi akalikubali. Vurugu zikazuka jukwaani, na baadhi ya watu wakatoa visu. Maelfu walikimbia kuepuka ugomvi wasiouhusu, wakakutana na uzio uliowekwa kuzuia fujo. Watu 42 walikufa, wengi wao kwa kukanyagwa au kubanwa kwenye uzio huo.

Karibu mwaka mmoja kabla yake, huko Uingereza, Jaji Taylor alikuwa ametoa ripoti yake ya mwisho kuhusu Hillsborough, ambako mashabiki wa Liverpool walibanwa ndani ya vizimba vya chuma mwezi Aprili 1989. Waliokufa kwa mkasa ule leo wanahesabiwa kuwa 97. Taylor alipendekeza kila shabiki apate kiti. Somo lilikuwa limeandikwa, na linasomeka. Lilikuwa halijafika Orkney.

Baada ya Orkney ingekuwa rahisi kusema: watengeni, Chiefs huku na Pirates kule, mambo yatakwisha. Ellis Park ilionyesha kwamba jibu hilo lisingetosha.

Ilikuwa usiku wa Jumatano, tarehe 11 Aprili 2001, siku chache kabla ya Pasaka, Chiefs na Pirates zikikutana tena. Uwanja ulikuwa na nafasi 60,000 hivi. Tiketi ziliuzwa palepale uwanjani, na viti havikuwa na namba za wenyewe, kwa hiyo aliyewahi ndiye aliyekaa. Maelfu walichelewa kufika, wakakuta uwanja umejaa. Likatolewa tangazo kwamba tiketi zimekwisha, na badala ya kuwatuliza likawachochea kusukuma. Ndani, mpira ulikuwa umeanza. Pirates waliposawazisha, kelele za bao zilivuka ukuta, na walioko nje wakasukuma kwa nguvu zaidi ili wasikose kinachoendelea. Waliokuwa mbele hawakuwa na pa kwenda. Mechi ilisimamishwa kipindi cha kwanza. Juu ya majani ambayo Mandela aliyakanyaga miaka sita nyuma zikalazwa maiti zilizofunikwa. Watu 43 walikufa.

Hapakuwa na visu usiku ule, wala ugomvi wa Chiefs na Pirates. Waliokufa walivaa rangi zote mbili, na wauaji walikuwa msongamano, geti na ukosefu wa mtu wa kuamua.

Rais Thabo Mbeki aliunda tume chini ya Jaji Bernard Ngoepe. Ripoti yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 2002, haikutafuta mchawi mmoja. Ilipanga makosa mfululizo: wahusika walikadiria vibaya idadi ya watu, hawakujifunza kutokana na mikasa iliyotangulia, hapakuwa na kamandi moja, hakuna aliyejua mipaka ya wajibu wake, vipaza sauti havikutosha, skrini kubwa haikutumika kuwaambia watu ukweli, na baadhi ya walinzi walipokea rushwa. Kuuza tiketi uwanjani na kuacha viti bila namba navyo vilitajwa wazi. Kiti, ambacho shabiki hukiona kama starehe, kiliingia katika orodha ya vitu vinavyookoa maisha.

Mwaka ule wa 2001 haukuiacha Afrika salama. Wiki chache baada ya Ellis Park, mabomu ya machozi yalisababisha vifo katika pambano la TP Mazembe na Lupopo huko Lubumbashi, na tarehe 9 Mei watu wasiopungua 126 walikufa Accra katika mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko. Afrika Mashariki nayo ina makovu yake. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa kwenye geti la uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards. Mei 2023, shabiki mmoja alipoteza maisha na wengine wakajeruhiwa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya mkondo wa kwanza wa fainali ya Yanga na USM Alger. Mara nyingi hatari imeanzia getini, kabla mtu hajafika kwenye kiti chake.

Afrika Kusini ilitunga sheria. Sheria ya Usalama katika Matukio ya Michezo na Burudani, Namba 2 ya mwaka 2010, inamtaka mwandaaji wa mechi kubwa apeleke taarifa polisi mapema ili mechi ipangwe katika daraja la hatari: ndogo, ya kati au kubwa. Inataka kamati ya pamoja ya mipango na chumba kimoja cha uendeshaji siku ya mchezo, mahali ambapo polisi, madaktari na wasimamizi wa uwanja wanatazama jambo moja kwa wakati mmoja. Ni jibu la moja kwa moja kwa lile swali la Ellis Park: nani anaamuru?

Sheria pekee haikufunga mlango. Tarehe 29 Julai 2017, Chiefs na Pirates zikicheza FNB, umati ulisukuma geti na watu wawili wakafa. Chiefs walishinda 1-0, na wengi waliokuwa majukwaani walikuja kujua baadaye kilichotokea nje.

Katika miaka ya karibuni Johannesburg na miji jirani yake imepata mgeni wa kweli, naye anazungumza Kiswahili. Mei 2021 Simba walifungwa na Chiefs 4-0 hapo FNB, lakini majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya Uviko. Tarehe 24 Aprili 2022 Simba waliingia Orlando, uwanja uliojengwa upya mwaka 2008 ukiwa na viti 40,000 hivi, wakatolewa na Pirates kwa penalti. Aprili 2024 ikawa zamu ya Yanga huko Loftus Versfeld, Pretoria, usiku ambao Watanzania hadi leo wanaulizana kama mpira wa mchezaji wao Aziz Ki ulivuka mstari wa goli. Kumfuata Mnyama wa Simba au Mwananchi wa Yanga kwa barabara kutoka Dar ni kupita Tunduma, kukata Zambia na Zimbabwe, kisha kusubiri mpakani Beitbridge. Anayemaliza safari hiyo anahitaji kujua kabla ya kuondoka geti lake ni lipi, na jukwaa lake liko wapi.

Kwa shabiki anayetumia kiti mwendo, maswali huongezeka. FNB ilipojengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010, njia za mteremko zilizungushwa nyuma ya ganda lake la kibuyu, na hilo ni jema. Mabasi ya Rea Vaya, yaliyoanza Agosti 2009, yana vituo vilivyoinuliwa vikalingana na sakafu ya basi, na njia yake kuu huunganisha Soweto na Ellis Park. Lakini mashabiki wengi husafiri kwa daladala ambazo hazina pa kupandishia kiti mwendo. Na ndani ya uwanja, mpira wa Johannesburg hutazamwa kwa kusimama na kucheza. Safu ya mbele ikiinuka wakati wa kona, aliyekaa nyuma yake huona migongo. Bao analisikia tu, kama walivyolisikia wale waliokuwa nje ya ukuta mwaka 2001. Nafasi yake inapaswa kuinuliwa juu ya vichwa vya waliosimama, msaidizi wake apate kiti kando yake, na avae rangi ya timu yoyote, hata ya Dar.

Siku hizi mashabiki wa pambano la Soweto huhimizwa kununua tiketi mapema, kabla ya siku ya mechi. Tiketi ya kiti cha namba hubeba maandishi madogo ambayo wengi hawayasomi hadi wafike: geti, jukwaa, safu, kiti. Usiku ule wa Aprili pale Ellis Park, tiketi ilimruhusu mtu kuingia tu, bila kumwambia atakaa wapi.