Lucy Mwenyewe Ni Shrub

Hapa Naivasha simama stage ya matatu, uite "Lucy!" kwa sauti. Wasichana watatu hivi watageuka, na angalau mmoja wao nyumbani shosho humwita Rusi. Hiyo Rusi ndiyo nataka tuongelee, juu nimechoka na clip za watu wakimcheka shosho ati anashrub. Alfabeti ya Kikuyu haina herufi L. Haina tu. Ulitaka aitoe wapi?

Twende Roma kwanza. Huko mwanaume aliitwa Lucius na mwanamke Lucia, na mzizi ni lux, yaani mwanga. Waroma wenyewe walieleza kwamba Lucius ni mtoto aliyezaliwa kukipambazuka. Mjaluo hahitaji kufafanuliwa hapo, si kuna Akinyi na Okinyi? (Jina la mwanga, na sisi tuko jirani na Olkaria inayotoa stima kwa mvuke wa ardhini. Linatufaa.)

Sasa sikizeni. Waroma wa zamani walitamka C kama K. Lucia wa kwanza kabisa alikuwa Lukia! Usimchanganye na Lukia wa Uganda lakini, huyo ni Rukia, jina la Kiarabu, ni vile tu R na L zimebadilishana viti.

Aliyelisambaza jina ni msichana wa Syracuse, kisiwani Sicily, ambaye kanisa linasema aliuawa kwa imani yake mwaka wa 304, enzi ya Kaisari Diocletian. Sikukuu yake ni 13 Desemba. Kule Sweden, ambako Desemba ni giza tupu, siku hiyo msichana huvaa taji la mishumaa kichwani. Kuna hadi nchi nzima ya Karibi inaitwa Saint Lucia. Na kila mahali jina lilipofika, wenyeji walilitafuna kivyao: Mwitaliano anasema Luchia, Mreno Luzia, Mpolandi Łucja, Mhungaria Luca, Mfaransa Lucie, Mtanzania Lusia. Mwingereza akakata mkia, ikabaki Lucy.

Kwa hivyo hiyo Lucy unayoiona ndiyo "sahihi" ni Mwingereza ameshrub Kilatini. Hakuna aliyemrekodi akamcheka.

Hapa Kenya jina lililetwa na wamisheni, na hata wao hawakulitamka sawa. Mapadre wa Consolata walifika 1902 kutoka Italia, wa Luchia hao. Waskoti walikuwa Kikuyu, wa Lucy. Na mahali Waskoti walipojenga misheni panaitwaje leo? Thogoto. Hiyo ni "Scot" ikipita kwa mdomo wa Mkikuyu, na iko kwenye ramani na kwenye ubao wa matatu, hakuna mtu hucheka.

Halafu kuna mji wetu. Wamaasai waliliita ziwa Nai'posha, maji yanayochafuka, kwa sababu ya upepo wa mchana unaoinua mawimbi ghafla. Wazungu wakasikia wanavyosikia, wakaandika Naivasha. Sisi wote tunajivunia mji ambao jina lake ni shrub ya mzungu! Mzungu akishrub inakuwa ramani, shosho akishrub inakuwa meme. Hapo ndipo huwa nakasirika.

Kuna Lucy mwingine. Tarehe 24 Novemba 1974, kule Hadar, Ethiopia, watafiti walipata mifupa ya kiumbe aliyeishi miaka milioni 3.2 iliyopita. Usiku ule kambini walikuwa wanacheza wimbo wa Beatles wenye jina Lucy, basi naye akaitwa Lucy, na dunia nzima ikamjua hivyo. Wahabeshi wana jina lao la Kiamhari: Dinknesh, yaani "wewe ni wa ajabu". Mimi shuleni nilifunzwa Lucy peke yake.