Homa Iliyoandamana na Majeshi

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoikumba Uingereza tangu 1642, baina ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge lake, husimuliwa kwa majina ya majemadari na ya viwanja walimopigana. Lakini mwanahistoria Charles Carlton, alipokadiria mauti ya miaka ile, alikisia kwamba waliouawa kwa silaha walikuwa kiasi cha 85,000, ilhali waliochukuliwa na maradhi yaliyofuatana na vita walifika 100,000.

Mwezi wa Aprili 1643 jeshi la Bunge, chini ya Earl wa Essex, liliuzingira mji wa Reading, na kabla ya mwezi kwisha mji ukasalimu amri. Ila homa iliyozuka pale haikubagua mshindi na mshinde, bali iliwalaza askari wa Bunge kambini mwao, ikafika Oxford, makao ya Mfalme, mji uliokwisha kufurika wanajeshi na farasi, kisha ikaenea vijijini. Thomas Willis, aliyekuwa mwanafunzi Oxford na baadaye akawa tabibu mashuhuri, alieleza katika kitabu chake cha 1659 kwamba pande zote mbili ziliacha kupigana, zikawa zinapambana na ugonjwa.

Raia wa miji na vijiji, ambaye hakuutaka ugomvi ule, aliamriwa kumpokea askari nyumbani kwake na kumpa chakula na malazi, kwa ahadi ya malipo ambayo aghalabu hayakuja. Na mgeni huyo, aliyeingia kwa amri wala si kwa hisani, alipoondoka aliacha homa kitandani. Tauni nayo ilipata njia: mji wa Leeds ulizika zaidi ya watu 1,300 katika 1645, na mji wa Chester, uliokwisha dhikika kwa mazingiwa marefu, ulipoteza wapatao 2,000 katika 1647.

Tiba ilikuwa haba. Matabibu walitoa damu na kutapisha, na elimu yao ilifungwa katika Kilatini, hata maskini akabaki kumtegemea jirani ajuaye mizizi na majani. Ndipo Nicholas Culpeper, aliyejeruhiwa vitani upande wa Bunge, alipokitafsiri kwa Kiingereza, katika 1649, kitabu cha dawa cha Chuo cha Matabibu cha London, nao matabibu wakaghadhibika. Na katika 1652 akatoa kitabu cha mitishamba kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Bunge nalo lilifungua hospitali za majeruhi London, Savoy katika 1644 na Ely House katika 1648, ambamo wajane wa askari walikuwa miongoni mwa wauguzi.

Katika 1643, mwaka uleule wa homa, tabibu Edward Greaves wa Oxford alichapisha kijitabu, akilaumu chakula kibovu, malazi machafu na nguo zisizobadilishwa. Alikuwa ameikaribia kweli bila ya kuiona, kwani sifa za homa ile ni za homa ya chawa, na chawa hukaa katika nguo; lakini dunia ilingoja hadi 1909, Charles Nicolle alipothibitisha mjini Tunis kwamba mdudu huyo ndiye aichukuaye kutoka mtu hadi mtu. Nguo safi na maji ya moto vingaliokoa roho nyingi kuliko mizinga yote ya Mfalme na ya Bunge.